Kifuniko Nilichokiharibu

Papa,

Mvua ya kwanza imeshanyesha kwenye kaburi lako, nami bado sijakuambia ukweli. Wote waliolisifu jeneza lako hawakuona kilichokuwa chini ya maua. Maua yale Mama aliyaweka kunisitiri.

Wajomba walitaka kununua sanduku tayari mjini. Nilikataa, nikagombana nao hadi majirani wakasikia. Miaka kumi na mmoja nimefanya useremala nawe hapa Naviundu, ningekulazaje kwenye kazi ya mtu mwingine? Nikachukua zile mbao za mulombwa ulizotunza kwa ajili ya meza ya yule mama mteja wetu wa mtaa wa Golf. Usinikasirikie, alikubali kungoja.

Mashine ya msasa niliinunua mimi, lakini aliyeijua ni wewe. Ulikuwa unaiweka kwanza kwenye ubao, ndipo unawasha. Hukuwa unaikandamiza. Uliiongoza tu, taratibu, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Mimi na haraka zangu! Nilikuwa naikandamiza, naruka kutoka msasa mkali hadi ule laini kabisa, na vanishi ikishakauka miduara inatokea mbele ya macho yetu. Unanirudishia: "Ngoie, anza tena." Barakoa nayo nilikuwa naivaa kidevuni, ukinitania kwamba nimeota ndevu.

Ila kuna neno ulilisema kila umeme ulipokatika. "Zima machine kwanza, mutoto yangu. Courant ikirudia, haitakuuliza kama uko prêt, kama uko tayari." Nami, nikikuona mwoga, nilikuwa najibu, "Papa, uko na boga sana." Tunacheka. Ningejua, nisingecheka.

Siku ya mazishi, asubuhi, umeme ulikatika nikiwa juu ya kifuniko. Niliiacha mashine palepale bila kuizima, nikatoka uani kukaa karibu na Mama. Wanawake walikuwa wameanza wimbo. Nililia, Papa, kwa mara ya kwanza tangu ufe. Halafu nikasikia mashine ikinguruma ndani, peke yake. Nilipofika ilikuwa imetembea hadi kwenye kibanio, imekwama, inachimba ubao kwa ukingo wake, mahali ambapo pangekuwa juu ya kifua chako.

Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikabandika msasa mkali, nikakandamiza kwa mikono miwili ili alama ifutike upesi. Ikawa bonde. Ubao mwingine haukuwepo, na gari la kukuchukua lilikuwa limeshafika mlangoni. Nikapaka vanishi hivyohivyo, nikijua.

Meza ya Golf nimeimaliza kwa mbao nyingine. Iko laini, yule mama alipitisha kiganja juu yake akatikisa kichwa kwa furaha. Sikufurahi. Nilikuwa nawaza kwamba mkono huu umejua kazi baada ya wewe kwenda, na kwamba meza ya mgeni imepata kile ambacho wewe ulinyimwa.

Mama anasema niache, eti udongo hauangalii vanishi. Labda. Lakini wewe ungeangalia.

Ninakuahidi, Papa: umeme ukikatika nitazima kwanza, hata kama ninalia.

Pumzika. Kazi zangu mbaya zote ulinirudishia nizianze upya. Hii moja uliipokea, ukaenda nayo.

Binti yako,
Ngoie