Meno Ambayo Baba Hakuyajua

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kibogoyo,

Hujambo? Wifi hajambo? Na wale watoto wawili ambao shangazi yao anawajua kwa picha tu, wanaendeleaje? Kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Sisi wazima, ila mama miguu inamvimba, nami sina raha. Barua hii nimeianza mara nne tangu asubuhi. Naandika mstari, nainuka, nachungulia dirishani, narudi. Chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena.

Baba tulimzika Jumanne. Najua ulipata ujumbe, na najua kwa nini hukuja. Watu waliuliza. Mama akawajibu kwamba kazi zimekubana, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Wanajeshi aliowatibu meno walikuja wengi, wazee sasa, wengine kwa mikongojo. Ungecheka. Badala ya kunipa pole, dereva mmoja mstaafu alinivuta kando akapanua mdomo: "Hili gego baba yako aliliziba kambini, mwaka wa thelathini huu. Halijatikisika!" Mwenzake naye akapanua, na mwingine. Nikajikuta nakagua vinywa vya watu makaburini, mimi fundi cherehani! Kumbe kambini walimwita Koleo. Wakanisimulia kuhusu mkubwa mmoja mwenye nishani kifua kizima, aliyejificha stoo ya magodoro siku ya kung'olewa jino. Baba alimfuata na sindano ya ganzi, akamng'oa hukohuko juu ya magodoro, na jina lake hakulitaja mpaka anaingia kaburini.

Na hapa nyumbani je? Wakumbuka gwaride la mswaki? Sisi wawili bombani kabla jua halijachomoza, yeye na kaptula yake: "Juu! Chini! Ndani! Tema!" Nguo zetu za shule alizipiga pasi mwenyewe, maana mama, alisema, anapiga pasi kiraia. Alipostaafu akakihamishia kiti chake cha kutibia meno humu chumba cha nyuma, akawatibu majirani, na jioni akawa anamsomea mama gazeti huku mama anasinzia. Hakuwa mtu wa kukwambia anakupenda. Alikwambia ufungue mdomo, basi.

Na hilo ndilo nililotaka kukuandikia. Ngoja ninywe maji kwanza.

Haya, nimerudi. Ulipokataa kusomea meno, naye akakwambia usikanyage tena hapa, baba alikuwa mzima wa akili. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza miaka minne baadaye. Ikapotea njia ya dukani, yakafuata majina, zikafuata nyuso. Asubuhi moja akaniuliza kwa adabu zote, "Mama, umeshachukua namba?" Mimi huyu! Akanikalisha kitini, akachukua kioo chake kidogo, akachungulia. Mara uso ukamfunguka. "Gego la chini kushoto nililiziba mwenyewe. Wewe mwanangu wa kwanza. Mbona umekonda?" Tangu siku hiyo, nikiingia, kabla hata ya shikamoo, napanua mdomo. Mama naye vivyo hivyo.

Sasa rudi kwenye ile siku uliyokuja, mwaka juzi. Mama alikuwa kliniki, na mpaka leo anadhani uliondoka kwa kiburi chako. Ulikuja na meno mapya, juu na chini, baada ya ile ajali ya pikipiki. Meupe, yamepangika kama sahani dukani. Ukapiga magoti. Baba akakwambia ufungue mdomo, ukafungua, akachungulia muda mrefu. Akasema, "Kazi safi. Lakini huyu si wangu. Mtoeni." Wewe ukasikia ule ugomvi wa zamani. Ukasema, "Basi, baba, nimeelewa," ukabeba begi lako.

Hukuelewa, mdogo wangu. Hakukukana. Alikutafuta mdomoni akakuta mkono wa daktari mwingine.

Na mimi nilijua. Nilisimama mlangoni na sinia, nikajua papo hapo, nikanyamaza. Sitakuzungusha: nilikuwa na kinyongo. Miaka mitano namwogesha, namlisha, namfuata barabarani akiwa na kandambili moja, wewe unatuma kadi! Nikajisemea, na aonje kidogo. Nikadhani ukifika kona nitakukimbilia. Ukafika kona, sikukimbia. Baada ya hapo nimeshika simu mara ngapi, naiweka chini. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila siku aibu inaongezeka. Nimekukosea, nimemkosea na yeye. Nisinge—

Nilikwenda uani kidogo. Niendelee.

Maana kuna zaidi. Ulipoondoka, alianza kuuliza habari zako. Kila mwanamume aliyeingia hapa aliambiwa afungue mdomo: msoma mita ya maji, muuguzi, fundi bomba. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Anachungulia, anatikisa kichwa: "Siye. Wangu jino la mbele limelala upande." Anakaa tena kumngoja mwingine. Mimi nipo, nasikia, nakunja nguo.

Siku yake ya mwisho alinichungulia, akanijua. Akauliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Nikamdanganya kwamba uko njiani. Akawaza kidogo, akasema, "Akifika asipange foleni. Mwingize moja kwa moja." Akalala mchana ule, hakuamka.

Usinijibu kwa barua, wala usipige simu. Njoo unitukane ana kwa ana, nitakaa nisikilize, kisha twende wote tukamwambie mama. Peke yangu nimejaribu mara tatu mlangoni pake, nimeshindwa.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Mama anakusalimu, mjomba naye, na yule jirani muuza mkaa anasema bado anakudai mechi ya bao. Mungu akulinde njiani, na akulainishie moyo juu yangu kabla hujafika.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukinichukia.