Inspekta Balagizi Amefanywa Kichekesho

Papa,

Wamekuvua suruali.

Nilitaka kuanza kwa salamu kama ulivyotufundisha: kwanza hali ya mwandikiwa, kisha ya mwandishi, ndipo habari. Nimejaribu. Kila nikiandika "Papa mpendwa" jambo hili linanipanda kooni, basi nimeona nilitapike kwanza. Inspekta Balagizi wako, uliyemwigiza mwenyewe, ambaye akitokea kwenye televisheni hata walevi wa mtaa wa Essence walinyamaza, amefanywa filamu ya kuchekesha. Suruali inamdondoka mbele ya mwizi. Anahongwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, anawaficha mfukoni, na paka wa mtaa mzima wanamfuata mpaka ofisini. Anaongea Kifaransa cha kuvunjikavunjika, wewe uliyekifundisha sekondari, pale lycée, mpaka vumbi la chaki likakuachia kikohozi.

Aliyefanya kazi hiyo ni Tonton Jérôme, mjomba wetu wa heshima. Ndiyo, huyo huyo aliyecheza brigadia, polisi wako msaidizi, aliyekuwa anatembea nyuma yako na faili kwapani, aliyekula ugali wa Maman kila Jumapili kabla ya kipindi kuanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuja nyumbani Muhumba amevaa viatu vipya, akakaa kwenye kiti chako bila kuambiwa karibu, akasema kuna shirika la Wazungu linataka filamu ya kupatanisha raia na polisi. "Batu banachoka na vita, Maman Nsimire," alimwambia Maman. "Banataka kucheka. Muzee yetu angefurahi sana." Muzee yetu! Siku ya kilio chako, tulipokwisha kuzika, alikula akaondoka kabla ya maombi kwisha.

Unajua kinachoniuma zaidi? Wewe mwenyewe ulishuhudia jinsi vipindi vyako vilivyopotea. Wanajeshi walipovunja kituo cha televisheni katika vita ya kwanza walibeba kaseti zote wakarekodia ngoma na harusi juu yake. Inspekta wa kweli amebaki kichwani mwa watu tu, na watu wenyewe wanakufa. Mtoto anayezaliwa leo Bukavu atamjua Balagizi kwa filamu hii, na paka wake.

Balagizi wako hakukimbia wala hakupiga mtu. Alikuwa anakaa, anauliza swali moja, kisha ananyamaza mpaka mwizi mwenyewe achoke na ule ukimya. Ndiyo maana watu walianza kuja nyumbani. Ulikuwa unawaambia kwamba wewe ni mwalimu, kwamba ile ni théâtre, maigizo tu, na wao wanaitikia kwa heshima zote: "Ndiyo, Inspekta, tunajua. Sasa usikilize." Unamkumbuka yule mama wa soko la Nyawera aliyeleta mwizi wake mwenyewe, amemfunga mikono kwa kitenge? "Polisi ingine inakula feza," alisema, "njo maana namuleta kwako." Ulimfungua yule kijana, ukampa chai, ukamtazama. Chai haijapoa alikuwa ameshasema sabuni za mama wa watu zimefichwa wapi. Tulicheka hadi usiku, lakini hatukukucheka wewe. Kuna kicheko na kicheko, Papa. Tonton Jérôme hilo hajalijua na hatalijua.

Kisha ikaja vita hii ya pili, ambayo haijaisha, na polisi ikawa jina tu. Watu wakazidi kuja. Mama Riziki alikuja asubuhi, miguu imejaa vumbi la bonde la Ruzizi, yule muuza mchele wa Luvungi. Binti yake, Riziki, ameshushwa kwenye kamyo pale kwenye kizuizi cha barabarani, njia ya Kamanyola, na wanajeshi hawataki kumwachilia. Hakwenda kwa padri wala kwa chifu. Alikuja kwako. Maman alisimama mlangoni, amepanua mikono kama anayezuia kuku wasitoke. "Baba Nsimire, weye uko mwalimu! Mwalimu! Bale habajue théâtre!"

"Hata bo banaangaliaka televisheni," ulimjibu, ukavaa lile koti la Inspekta, refu, la rangi ya majani makavu, ukaondoka na Mama Riziki.

Ulirudi juu ya kamyo ya mihogo, umefunikwa hadi usoni kwa hilo koti. Dereva hakujua lolote, au alijua akaogopa kusema. Mama Riziki hakuonekana kwenye kilio, na baadaye tukasikia amevuka mto Ruzizi na binti yake, wakaingia Burundi. Basi mji ukajitungia. Asiyekuwapo na lake halipo. Wakasema ulipiga magoti. Wakasema ulilia, ukaapa kwamba wewe ni mwigizaji tu, ukajikojolea. Nilisikia haya kwenye duka la mkate, mtu anayasimulia huku anaiga sauti yako, na wanaosubiri mkate wanashika mbavu. Nilirudi nyumbani bila mkate.

Sasa nikuambie habari ya koti. Tonton Jérôme alipoliomba, mimi nilimkatalia. Maman akaingia chumbani, akalitoa sandukuni, akampa. Nilimuuliza kwa nini, nikamuuliza vibaya. Alisema, "Heri bamucheke kuliko bamusahau." Lile neno linanichefua hata leo. Alimwekea sharti moja tu: kifo chako kisiguswe, kizuizi kisitajwe. Tonton Jérôme aliapa kwa Mungu na kwa mama yake mzazi.

Nilipopata habari kwamba wanateremka bondeni na kamera, nilijua anakwenda kufanya nini. Niliingia kwenye gari lao bila kukaribishwa. "Nafuata koti," nilisema, nikakaa. Tulishuka mlima wote, mimi natazama nje, yeye anapiga mluzi.

Papa, aliwakodi wanajeshi wenyewe. Si waigizaji. Wale wa kizuizini, pale pale, kwa bia na sigara. Aliona amepata akili kubwa. "Costume iko tayari, bunduki iko tayari," aliniambia kwa furaha, "hata uso ya bukali iko tayari!" Nilimtazama nikafikiria kwamba mkono huu unaoshika karatasi za filamu ndio ulioshika jeneza lako upande wa kushoto.

Mchekeshaji aliyevaa koti lako alipiga magoti, akalia, suruali ikashuka. Wanajeshi walitakiwa wacheke, wakacheka. Wakarudia, wakacheka tena. Mara ya tatu, mmoja wao, mtu mzima wa umri wangu, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Directeur, pardon. Ile muzee hakupigaka magoti."

Mwenye kamera akaishusha. Mimi nilikuwa nimeegemea gari, nikahisi bati lile la moto linanichoma mgongo, nisiweze kusogea.

"Muzee gani?" Tonton Jérôme aliuliza, na macho yake yalinikimbilia mimi kwanza.

"Ule wa kweli. Alishukaka mu kamyo, akaomba kiti. Tukamuletea bido ya mafuta, akaikalia. Akasema yeye njo Inspekta Balagizi, iko na kesi, hawezi kurudia Bukavu bila ule mutoto mwanamuke. Akanyamaza. Sisi bote tulimujua! Mimi niliangaliaka ile kipindi kwa tonton yangu, Uvira. Lakini komanda alikuwa mutu wa mbali, hakumujua. Tulinyamaza juu tulitaka tuone." Alianza kucheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Komanda alisimama akamupigia saluti, vraiment! Akatosha inje ule mutoto alikuwa ndani ya nyumba. Mutoto akakimbia kwa mama yake, bakapotea mu mihogo. Sasa njo tukamuambia komanda: ule ni mutu wa théâtre. Tulicheka. Tulicheka sana. Komanda akasikia haya, aibu kubwa, mbele yetu."

Alikuwa anachezea mkanda wa bunduki yake.

"Akasikia haya. Basi."

Ndivyo nilivyojua, Papa. Sikujua kutoka kwa mtu aliyekuja kunipa pole, wala kutoka kwa hakimu. Nilijua kutoka kwa mtu aliyelipwa chupa ya bia, anayemsahihisha directeur ili mchezo upendeze. Hukulia. Ulikaa juu ya bido, lile dumu la mafuta, ukanyamaza kama ulivyonyamaza kwenye kipindi, na mtu mwenye bunduki akakutii. Wangefunga midomo yao tu mpaka kamyo yako ikate kona, leo ungekuwa unakohoa chumba cha pili huku naandika. Hawakuweza. Walitaka kucheka.

Na unajua Tonton Jérôme alisema nini? Alipiga makofi. "Saluti! Komanda anapiga saluti! Mais c'est génial! Tunafanya vile!" Akanigeukia kabisa, mimi, mwanao, akaniambia, "Unasikia, Nsimire? Ni mwisho muzuri kupita ya kwetu."

Nilitapika. Sitafuti maneno mazuri, nilitapika nyuma ya gurudumu, wali na maharage, mpaka kikabaki kile kimaji kichungu. Nilipoinua kichwa mchekeshaji alikuwa ameshavua koti. Alinipa kwa mikono miwili, suruali bado ameishika kwa kiwiko, akasema "Pole, dada," na nadhani ndiye mtu pekee aliyekuwa na aibu mahali pale. Yule mwanajeshi aliuliza mimi ni nani. Nikamjibu mwenyewe: "Mutoto yake." Alinitazama, akatazama chini, akaomba mwenzake sigara.

Walipiga picha bila mimi. Nilikaa garini na koti magotini, madirisha nimefunga, na bado nilisikia.

Mwezi uliopita waliionesha katika ukumbi, ile salle ya parokia. Walimvalisha mchekeshaji koti la mvua la plastiki badala ya lako, na wala hakuna aliyegundua. Komanda anapiga saluti, wanajeshi wanamcheka, komanda anamfukuza Inspekta kuzunguka kamyo, suruali inabaki njiani, muziki, mwisho. Kizuizi hakitajwi, na hakuna anayekufa. Ndilo jambo chafu kuliko yote: hawakuweka hata kifo chako, wamekiondoa kama mwiba wa samaki ili watu wameze vizuri. Salle nzima ilicheka. Mapadri walicheka. Mzungu wa shirika, ambaye hajui Kiswahili, alicheka.

Na Maman alicheka, Papa. Pale kwenye saluti. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akanipigapiga gotini, "Ona! Ona!" Sikuwa nimemwambia. Ningemwambiaje? Nilimtazama akicheka jambo lile lile lililokuua, nikamshika mkono. Sikumchukia. Niliwachukia waliomkalisha pale bila kumwambia anachekea nini. Tonton Jérôme alikuwa amesimama karibu na mlango, anajua kila kitu, anapokea pongezi.

Maman alinong'ona tukirudi, "Mbona hukucheka, mutoto wangu? Hata kidogo?" Nikasema tumbo linanisumbua, na sikudanganya.

Nilikwenda kwa Tonton Jérôme baada ya siku chache. Nilimwambia atoe ile sehemu. Nilimwita jina lake bila Tonton, kwa mara ya kwanza maishani. Alinikaribisha Fanta, akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba filamu si ya kwake tena, ni ya shirika, na kwamba watu wameipenda. Kisha akasema utakuwa maarufu kuliko ulivyokuwa hai. Fanta yake niliiacha mezani haijafunguliwa.

Sasa wanataka kuizungusha. Watakwenda na shuka jeupe na jenereta: Kamanyola, Luvungi, Uvira, kisha wavuke mpaka kwa wakimbizi wa upande wa Burundi. Unaelewa maana yake? Riziki yuko huko. Wanawake wa mchele wameniambia, amekuwa mke wa mtu, ana mtoto mgongoni, anauza na mama yake karibu na mto. Jioni moja atasikia jenereta, atakwenda na wenzake kutazama senema ya bure, atakaa chini kwenye majani. Na atamwona mtu aliyempa maisha yake akizunguka kamyo bila suruali.

Hapana. Hayo mengine nimeyameza, hilo silimezi.

Nimeomba ruhusa kazini, nimewaambia nina msiba, na bosi wangu akauliza msiba wa nani. Nimemwambia wa Papa. Akasema, si ulipita zamani? Nimemwambia mimi ndiyo kwanza nimepata habari. Maman anadhani naenda kununua mchele. Nikirudi nitamkalisha kwenye kiti chako nimwambie yote, hata ile saluti, hata kama hatanisamehe kwa kumwacha acheke. Hiyo ni ahadi ya kwanza.

Ya pili ni hii. Nitafika kwa Riziki kabla ya lile jenereta. Huenda hajui kwamba ulikufa, maana alikimbilia kwenye mihogo kabla hawajaanza kucheka. Huenda neno la kwanza atakaloniuliza ni kama Inspekta bado yuko Muhumba, anapokea watu. Nitamwambia kweli, Papa, sitamficha. Lakini kwanza nitamwomba anisimulie yeye, tangu uliposhuka kwenye kamyo, ulikaaje, ulisema nini, ulinyamaza muda gani. Mimi nitasikiliza tu. Katika wote waliokuwa pale siku ile, yeye ndiye aliyekuona na hakucheka.

Ulale salama, Mwalimu.

Binti yako,
Nsimire