Wakwe wamenikuta namlilia korongo

Winifrida, zima hiyo tamthilia yako ya Kichina! Soma hapa kwanza.

Leo wazee wa Muyama walikuja kumposa Immakulata wangu. Nimepika, nimefagia, nikasema niitazame kidogo tu nikiwasubiri. Nakuta yule mwana wa mfalme anayegeuka ndege korongo anachomwa mkuki!!

Nikalia, mikono kichwani. "Yoo, mwanangu, umeniacha na nani!"

Kumbe wazee wamefika uani.

Wamesikia kilio, wakajua kuna msiba. Na pombe ya posa haiingii nyumba yenye msiba, unajua mwenyewe. Wakaficha mitungi kwenye migomba, wakavua kofia, wakakaa chini. Mmoja akaanza kusema warudi kwao.

Immakulata katoka, kawaona. "Mama! Wakwe zangu wamekaa matanga!"

Natoka na machozi yangu. Mzee Ntirampeba, baba wa kijana, ananiambia, "Pole sana, mama. Nani ametutoka?"

Ningesema nini? "Korongo, baba."

Korongo! Mbele ya wakwe!

Mzee akaokota kofia yake. Nikajua posa imekufa. Halafu akauliza polepole, "Yule wa kwenye runinga? Amekufa? Sisi kwetu tumeishia alipofungwa gerezani!"

Basi mitungi imetoka migombani, posa imepokelewa. Lakini wewe usijaribu. Jumamosi wanakuja kumposa Esteri wako, na si wakwe wote wana runinga. Zima!

Nakuandikia nikiwa jikoni. Sebuleni sina pa kukaa, wazee wote wanasubiri kuona kama korongo atafufuka.