Bakteria Aliyenenepa Bila Kula

Jumatatu, 1 Septemba
Umeme umerudi. Nimefungua kompyuta, nikaendelea na bakteria wetu wa kifua kikuu. Si wa kwenye chupa, ni wa mahesabu. Tunamwandikia anakula nini na anakigeuza kuwa nini, tujue njia ipi ya chakula ikizibwa atakufa. Wenzetu wa Kampala na Lusaka wana vipande vyao, sisi Tabora vyetu. Mwenzangu wa hapa, Zuhura, kamaliza cha mafuta. Amekuja juzi tu. Changu cha sukari bado.

"Mpagazi, shusha mzigo upumzike!" Zuhura kanipigia kelele kutoka mlangoni. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Utani wa tangu misafara ya pembe za ndovu, sisi tukiwa wabebaji; huruhusiwi kununa. Nimecheka. Roho inaniuma.

Jumatano, 3 Septemba
Mkutano wa mtandaoni. Kampala wamemsifu Zuhura mpaka masikio yakachoka. Kiongozi wa kazi nzima atachaguliwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeanza kazi hii tukiwa hatuna hata meza. Naitaka nafasi hiyo. Yeye haijui hata njaa ya kuitaka.

Ijumaa, 5 Septemba
Utaratibu wetu: kazi ya mtu haiungwi na nyingine mpaka mwenzake aikague. Ya Zuhura nimepewa mimi. Nimemnyima bakteria sukari, mafuta, kila kitu. Akaendelea kukua! Hakuna kiumbe wa hivyo. Kuna hatua mbili Zuhura ameziacha zinazunguka, zinajitengenezea nguvu pasipo chochote.

Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo. Nimefurahi.

Jumapili, 7 Septemba
Kwihara kwa mama. Kaniwekea matobolwa, viazi vyetu vikavu, sikuyamaliza. Kauliza habari za mtani wangu. Mzima, nikasema.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemwambia. Wakati wa chai, mbele ya wote, kwa sauti ya utani: "Bakteria wako Mzaramo kweli! Nimemnyima chakula chote, bado anacheza ngoma!" Watu hoi kwa kicheko. Zuhura akajibu kwamba angekuwa Mnyamwezi angetembea na michembe yake ya viazi mfukoni.

Basi. Hakurudi kuangalia. Nilijua hatarudi, ndiyo maana nikasema vile. Jioni nimeiunga kazi yake kama ilivyo.

Ijumaa, 12 Septemba
Zuhura alionyesha kazi yetu kwenye mkutano wa mtandaoni. Amependeza, kajiamini. Mtu wa Lusaka akamwomba aondoe chakula chote. Akaondoa. Bakteria akanenepa kwenye skrini, mbele ya wote.

Nikajiandaa kulaumiwa. Mkaguzi ni mimi, jina langu liko pale. Zuhura akasema, "Nyamizi aliniambia mapema. Mimi ndiye niliyedhani ananitania."

Hakunitazama. Nimechaguliwa mimi. Wamenipigia makofi, wakasema mimi ni mwangalifu.

Jumatatu, 15 Septemba
Zuhura amerekebisha. Bakteria akinyimwa chakula sasa anakufa, kama inavyotakiwa. Ameniletea nikague, kila hatua kaiandikia maelezo.

"Habari za asubuhi, dada Nyamizi."

Nzuri, nikasema. Nikasubiri aniite mpagazi, nikasubiri utani wa michembe. Haukuja. Nikamwuliza kama Wazaramo wote huwahi kazini hivi, au jana hapakuwa na ngoma.

"Ndiyo, dada," akasema, akarudi kwenye meza yake.