Digrii Mia Tatu na Hamsini

Kalemie, tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Dorothée,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Natumaini baridi ya Amerika haijaanza kulisumbua. Papa yuko salama, anaenda karakana ya reli kila siku. Mdogo wangu Huguette amekua haraka, viatu vya komunio vimeshambana.

Mama alitoka hospitali juma lililopita. Wamemkata vidole viwili vya mkono wa kuume. Papa alikwambia kwa simu kwamba ni ajali ya furu ya kuokea mikate, na kwamba ugonjwa wa sukari ulikuwa umeua hisia za mkono bila sisi kujua. Ni kweli, lakini si yote. Yaliyobaki ninayajua mimi peke yangu.

Unakumbuka Mama anavyopima joto la furu yetu ya matofali. Anaingiza mkono, anagusa tofali la ndani kidogo tu, kisha anauacha hewani na kusali Salamu Maria. Mkono ukishindwa kabla ya jina la Yesu, furu ni kali mno. Ukifika Amina, ni ya gato. Miaka yote hiyo hakuunguza hata mkate mmoja.

Kwa komunio ya Huguette nilitaka kupika gato yako, ile keki uliyotuandikia kwenye karatasi. Nilikuwa nimemaliza shule mwezi wa saba, nikaona aibu kukaa bila kazi. Uliandika digrii 350. Papa alikuwa ametoboa mlango wa furu na kuweka kipimajoto alichopewa na fundi mwenzake, nami nikaahidi kukifuata. Jirani yetu Mama Marthe alinicheka uani: "Elsa, gato ya Amerika itakubali kuni za Kalemie?"

Sindano ilipofika mia mbili, Mama alitazama makaa akasema, "Inatosha, mutoto. Toa moto."

Unanijua, mimi si mtu wa kubishana. Siku hiyo nilibisha. "Bado, Mama. Karatasi inasema mia tatu hamsini."

Nikaongeza kuni. Sindano ilipopita mia tatu tukavuta makaa pembeni, Mama akaingiza mkono. Akaweka kiganja juu ya tofali, akasali mpaka Amina, akaanza Salamu Maria ya pili. Akaniambia, "Iko baridi bado. Karatasi ya dada iko na haki." Mimi ndiye niliyesikia harufu kwanza.

Usiku ule alipolala hospitalini nilifungua daftari langu la fizikia. Ninyi huko mnapima kwa Farenheiti, na kipimajoto chetu ni cha Selsiasi. Unatoa 32, unazidisha kwa 5, unagawanya kwa 9. Inakuja 177. Tena furu yako ina feni, na isiyo na feni inahitaji kama digrii ishirini zaidi. Jumla ni karibu mia mbili, pale pale Mama aliposema inatosha. Hesabu hiyo nilipewa shuleni, nikapata alama zote.

Karatasi yako haina kosa, Mama Mkubwa. Usijilaumu.

Mama anaamini mkono wake ulimdanganya. Ameniomba msamaha kwa kuharibu sikukuu. Jana aliniambia niingize mkono wangu furuni, yeye asali. Nilishindwa kabla ya kufika kwa Yesu, nikautoa. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile: "Mukono wako ni muzima. Sasa wewe ndio utapika." Nilitaka kumwambia, nikachukua ufagio nikafagia majivu.

Ndiyo maana nimeandika. Kaka Samy anapanda mashua ya Kigoma Jumanne, ndiye atakayeipeleka barua posta ya huko. Bahasha nimeiacha wazi. Kusema siwezi, lakini kusoma ninaweza. Nitamsomea Mama barua hii yote kabla ya kuifunga. Nikishindwa, nitaichana. Kwa hiyo ikikufikia, ujue kwamba ameshasikia.

Wasalimie Mjomba Aristide na dada Rebecca. Mungu akulindie mikono yako.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda hata nikiwa na aibu,

Elsa