Ukungu Nyuma ya Picha ya Binti Yangu

Jumanne, 4 Novemba
Mvua tena. Nguo nimeanika sebuleni, madirisha nimefunga — mapazia mapya, na jirani wa juu ana macho. Hereni ikadondoka nyuma ya kabati la vyombo. Nikalivuta. Loo! Ukuta mweusi! Ukungu mkubwa kama sahani, unanuka soksi za mume wangu.

Ndani ya nyumba yangu mimi, mama wa afisa afya! Kazi ya binti yangu ni hiyohiyo: anapita majumbani na kitambulisho shingoni, anawaambia watu unyevu huu hapana, na watu wazima wanatetemeka. Mtaa mzima nimewaambia. Mwenye duka akiniona natokea anajifanya amelala.

Mume wangu kasema, si umpigie mtoto. Nimpigie niseme nini?

Kabati nimelihamishia ukuta mwingine, na hapohapo nimetundika picha yake ya mahafali. Ukungu hauonekani. Sebule hata imependeza.

Jumatano, 5 Novemba
Nimempigia. Nimesema ni jirani mwenye ukungu. (Mungu anisamehe, kwa jirani kukavu kama biskuti.) Binti kashusha somo: asifunike, afungue madirisha, nguo zikaukie nje, kabati lisiguse ukuta, asugue kwa siki, auache ukuta ukauke kabisa. Anavyoongea! Kama taarifa ya habari! Nilikuwa nasikiliza sauti, maneno mengine yakanipita. Siki nimeishika.

Nimesugua, nikarudisha picha ukuta ukiwa majimaji. Siwezi kukaa sebuleni simwoni.

Jumamosi, 8 Novemba
Ukungu umechungulia kushoto na kulia kwa picha. Mwanangu kaota masikio!

Nimeongeza picha. Hapa mchanga, anaoga kwenye beseni. Hapa kashika kikombe cha mashindano ya hesabu. Baba yake kauliza hii bado sebule au ni ofisi ya chama. Nikamwambia kwao kikombe wanachokijua ni cha chai.

Jumatatu, 10 Novemba
Kazi ipo! Binti kapiga simu. Jumapili anakuja na mchumba wake na mama wa mchumba. Huyo mama kwa usafi hana mchezo, viatu anavulia kwenye ngazi. Anataka kuona nyumba iliyomlea binti aliyemfundisha kufungua madirisha.

Nikasema karibuni sana, kwetu kunang'aa. Mdomo huu!

Halafu binti akashusha sauti. Mama, usiniangushe. Huyu nampenda kweli. Hajawahi kuniambia hivyo. Nimelia kidogo, kwenye pazia jipya.

Alhamisi, 13 Novemba
Asubuhi nikamsalimia pichani kama kawaida yangu. Ana masharubu! Ukungu umeingia mpaka ndani ya kioo. Baba yake kainama, katazama, kasema sasa ndiyo kafanana na dada zako.

Mbio kwa mpiga picha. Nikuzie hii, masharubu uyatoe. Ikue kiasi gani, mama? Kama mlango. Kauliza, kwani anagombea? Nikamwambia bado.

Jumamosi, 15 Novemba
Picha imefika, imebebwa na watu wawili. Imefunika ukungu wote na swichi ya taa. Wageni wanakuja mchana, taa ya nini.

Jumapili, 16 Novemba
Naandika chumbani. Nimewaambia natafuta miwani. Ninayo usoni.

Wamefika. Mchumba mpole, mrefu, kajigonga kwenye fremu ya mlango na akaiomba radhi. Mama yake kweli kavulia viatu ngazini. Kaisifu picha! Basi nikapanda kichwa, nikamweleza habari za kikombe, za beseni, zote. Akanishika mkono. "Mama mwenzangu, nipe hii nikaitundike kwangu. Na mimi nimjivunie."

Nimjivunie! Kuna mtu mwingine duniani anataka kumjivunia mwanangu! Kabla akili haijafika, mdomo ukasema: "Chukua, mama, ni wenu sasa!"

Mume wangu akaniangalia. Nikamwangalia. Akaenda kuleta nyundo, taratibu, kama anayekwenda kwa daktari wa meno.

Msumari wa kwanza umetoka, nausikia. Wa pili. Binti anauliza, baba, swichi ya taa ilihamia wapi? Baba yake anakohoa. Wa tatu. Picha imekaa chini — puu!

Ukuta uko wazi.

Ukungu wameuona, jamani.

Sasa ananiita. "Mama! Njoo sebuleni. Na ukipita, fungua hilo dirisha!" Siyo sauti yake ya nyumbani. Ni ile ya kazini! Miaka yote nawasimulia watu na sijawahi kuisikia kwa masikio yangu. Inatetemesha kweli! Wala sikuwa natia chumvi!

Mama wa mchumba anacheka, au analia, mlango umefungwa sijui. Nafungua dirisha kwanza.