Mkono Wako, Mama, Haukuwa wa Choyo

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka Jadida, nimekaa barazani baada ya swala ya alasiri. Huu mwaka wa tatu tangu moyo wako ulipokoma ghafla nawe ukianika karafuu, na siku zote hizo sijathubutu kukwambia: nisamehe.

Siku ya harusi yangu ulimpa mama mkwe sahani ya haluwa ukashindwa kuiachia. Yeye anavuta, wewe umeshika, haluwa ikamwagika mkekani. Wifi yako Bi Time akacheka mbele ya watu: "Mkono wa birika huo, tangu zamani!" Nikakufuata jikoni na hasira zangu.

"Mama, kama hukuridhia si ungesema?"

Ukanijibu polepole, "Mwanangu, mkono wenyewe haukubali."

Nikaona kisingizio.

Mwaka huu mkono wangu ulinasa kwenye kitasa cha mlango wa darasa. Wanafunzi walidhani mwalimu anafanya mzaha. Hospitali, daktari alinipa mkono, akasubiri vidole vyangu vifunguke, kisha akauliza, "Nani mwengine kwenu yuko hivi?" Nilikutaja wewe, Mama. Nikalia palepale.

Walipima damu. Daktari alinieleza kuwa katika DNA, yale maandishi ya mwili tunayorithi, kuna mahali herufi tatu hurudiwa mara chache tu. Kwetu zimerudiwa mara mamia, kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyekwama kwenye neno moja. Marudio hayo hunasa vitu vinavyosaidia jeni nyingine zisomwe sawasawa. Ndipo misuli inachelewa kulegea, macho yanaingia ukungu mapema, moyo unakosea mapigo. Na mara nyingi marudio huzidi yakishuka kwa mtoto. Bibi, mama yako, alisumbuliwa na macho tu. Wewe, mkono na moyo.

Nilikwenda Chokocho kumweleza Bi Time. "Na mimi nikamcheka kwa watu wote wale," akasema. Ijumaa, kwenye hitima yako, alisimama mwenyewe mbele ya wanawake: "Zuhura hakuwa mchoyo. Alikuwa mgonjwa, na sisi hatukujua."

Moyo wangu umeshapimwa, na nitarudi kila watakaponiita. Kilichobaki ni Rahma, mjukuu wako. Huenda kauchukua ugonjwa huu, huenda hakuuchukua. Ni nusu kwa nusu. Jana aliniuliza, "Na mimi ninao?" Nilimwambia sijui, tutakwenda kuuliza pamoja.

Kwa heri, Mama. Mola akunawirishie kaburi lako. Nakuahidi hili moja: siku Rahma atakaponiambia mwili wake umemkatalia, nitamwamini mara ya kwanza.

Mwanao,
Mwanaisha